Washikao Funguo Nao Wafundishwe

Wako watu wasemao ya kuwa gereza likiharibika, dawa yake ni ukuta mrefu zaidi na askari mkali zaidi. Sisi twakataa neno hilo. Twasema ya kuwa ubaya wa gereza mara nyingi huanza kwa wale washikao funguo; si kwa kuwa wao ni watu wabaya, bali kwa kuwa hawakufundishwa njia njema ya kufanya kazi pamoja. Kijana huingia kazini na moyo safi, na mara wakongwe wa kazi humwambia asahau aliyoyasoma. Hujifunza kunyamaza aonapo uonevu, kuficha hofu yake, na kumdharau mwenziwe aombaye msaada. Muda si mwingi naye huwafundisha wageni hayo hayo. Udongo upate uli maji.

Tazameni nchi ya Norwe. Huko askari wa gereza husoma chuoni miaka miwili. Katika gereza la Halden, lililofunguliwa mwaka 2010, askari hula na kucheza pamoja na wafungwa, wala hawafanyi hivyo kwa ulegevu. Amjuaye mtu huona mapema hasira yake ikipanda. Asiyemjua hushtukia ugomvi umekwisha kuwaka.

Watatujibu, "Norwe ni nchi tajiri, tena watu wake ni wachache." Vema. Basi na tuitazame Marekani, mojawapo ya nchi zifungazo watu wengi sana duniani. Mwaka 2015 wakuu wa magereza ya North Dakota walikwenda Norwe kujionea, nao waliporudi wakaanza kugeuza kazi yao. Mwaka 2019 askari wa gereza la Chester, katika Pennsylvania, walipelekwa nchi za Skandinavia wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa huko. Kisha wao wenyewe wakasaidia kupanga nyumba mpya ndani ya gereza lao, nayo ikafunguliwa mwaka 2022. Angalieni neno hili: hawakuletewa amri tupu katika karatasi. Wenye kazi ndio walioigeuza kazi.

Wengine watasema ya kuwa huku ni kuwabembeleza wahalifu. Si kweli. Wa kwanza kupata faida ni askari mwenyewe. Ashindaye kutwa katika hofu na matusi huyachukua hayo hata nyumbani kwake, na mkewe na watoto hulipa deni wasilolikopa. Tena mfungwa, kifungo chake kikiisha, atakwenda wapi? Atarudi kijijini awe jirani yetu, nasi tutampokea kama alivyofinyangwa.

Lakini tusidanganyike na neno mafunzo. Kumpeleka askari mmoja darasani juma moja, kisha kumrudisha chini ya sajini amchekaye, ni kumwaga maji mchangani. Wafundishwe wakuu pamoja na wadogo. Apandishwe cheo yule aaminiwaye, si yule aogopwaye. Asemaye kweli juu ya uonevu alindwe, na aliyechoka rohoni asaidiwe pasipo kuaibishwa. Bila mambo hayo manne, cheti cha mafunzo ni karatasi tu.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ziitwazo kwa jina la Nelson Mandela, nazo zaagiza ya kuwa watumishi wa magereza wafundishwe kabla ya kuanza kazi, na tena wakiwa kazini. Basi hapana serikali iwezayo kusema haikuambiwa.

Nasi tulio wazazi na wazee wa vijiji, ambao wana wetu huenda kuvaa nguo za askari, tusiulize habari za mshahara peke yake. Tuulize, "Huyu kijana atafundishwa nini, naye ataongozwa na nani?" Maana tukinyamaza leo, jibu la swali hilo litarudi kwetu kwa njia mbili: katika mwana wetu aliyeshika funguo, na katika mwana wetu aliyefungiwa.