MVUA ILIYOMO KATIKA PICHA



Tuseme jioni moja umeketi nyumbani pamoja na watoto, mnatazama diski ya senema ya kale iitwayo "Metropolis". Picha ni safi, nyuso zaonekana vizuri, hata vifungo vya koti waweza kuvihesabu. Mara picha yageuka. Yawa ya kijivu, na mistari yaanguka toka juu hata chini kama mvua ya masika. Pembeni patokea utepe mweusi. Baada ya kitambo mvua yakoma, kisha yarudi tena.

Utasema nini? Wengi watasema, "Diski hii mbovu," wataitoa na kuifuta kwa kanga. Mwingine ataipiga televisheni kofi. Ngoja kwanza! Diski ni nzima, na mashine ni nzima. Mvua hiyo ina habari yake.

Senema hiyo ilitengenezwa Ujerumani na Fritz Lang, ikaonyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927. Ni hadithi ya kubuni ya mji wa siku zijazo. Matajiri wakaa juu katika majumba marefu, wafanya kazi wakaa chini ya ardhi. Msichana Maria awapa wafanya kazi matumaini. Kisha mashine yenye sura yake yawadanganya. Watu wa senema hiyo hawasemi kwa sauti. Maneno yao yaandikwa, na muziki ndio unaosindikiza mambo yote.

Siku ile ya kwanza ilichukua saa mbili na nusu hivi. Wenye biashara wakaona ni ndefu mno, wakaikata. Yapata robo nzima ikapotea, na kwa miaka mingi watu walitazama hadithi yenye mapengo, wasielewe kwa nini huyu amkasirikia yule.

Lakini kabla haijakatwa, nakala moja nzima ilikuwa imechukuliwa na mfanya biashara mmoja hata Argentina. Ilionyeshwa huko mara nyingi, ikakwaruzwa. Tena filamu za zamani zile zilishika moto upesi sana. Basi baadaye, kwa kuogopa moto, ilinakiliwa katika ukanda mwembamba wa milimita 16, na ule ukanda wa asili wa milimita 35 ukaharibiwa. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Hawakuusafisha kwanza! Kila mkwaruzo ulipigwa picha pamoja na nyuso za watu. Na kwa kuwa ukanda mpya ulikuwa mdogo, ukingo wa picha ukakatika. Huo ndio utepe mweusi uliouona.

Nakala hiyo ilijulikanaje? Mtu mmoja wa Argentina, Fernando Peña, alisikia mwonyesha senema mzee akilalamika kwamba zamani alilazimika kuishikilia filamu hiyo kwa kidole kwa muda wa zaidi ya saa mbili, isirukeruke katika mashine. Peña akashtuka. Zaidi ya saa mbili? Nakala zote zilizojulikana zilikuwa fupi kuliko hivyo! Hakulisahau neno hilo. Mwaka 2008, miaka mingi baadaye, yeye na Paula Félix-Didier, mkuu wa jumba la kuhifadhi senema la Buenos Aires, waliyafungua makopo, na tazama, sehemu zilizopotea zilikuwamo.

Mafundi wa Ujerumani wakaanza kazi. Mahali penye nakala nzuri waliitumia. Mahali penye pengo waliweka vipande vya Argentina. Walivisafisha kwa kompyuta kadiri walivyoweza, lakini mvua haikwisha yote, kwa maana imeingia ndani ya picha yenyewe. Ukizidi kusugua, utafuta na macho ya watu. Basi waliona heri hadithi nzima yenye makovu kuliko hadithi safi isiyo na viungo.

Na sauti je? Hapa pana jambo la ajabu. Gottfried Huppertz, aliyetunga muziki mwaka ule wa 1927, aliandika katika kitabu chake cha noti alama zaidi ya 1,000, kueleza ni tendo gani liendalo na noti gani. Kwa hiyo muziki ndio uliowaongoza mafundi kujua kipande gani chafuata kipi. Muziki huo ulipigwa upya na okestra kubwa. Katika diski utasikia kwamba picha yaweza kuchakaa ghafula, lakini sauti yaendelea safi bila kukatika, kama mkono unaokuvusha mto wenye matope.

Ukitaka kununua, tazama kwanza dakika zilizoandikwa juu ya kasha. Ile ya mwaka 2010 ni karibu saa mbili na nusu. Ile aliyoitoa Giorgio Moroder mwaka 1984, yenye rangi na nyimbo, haifiki saa moja na nusu. Hata katika ile ndefu bado kuna mapengo: mahubiri ya mtawa katika kanisa kuu hayamo, yameelezwa kwa maandishi tu.

Sasa fungua sanduku lako, ndugu yangu. Ndani yake, pengine, mna kanda ya video ya arusi yenu, au picha ya marehemu baba. Siku moja utataka kuzinakili. Kumbuka basi kosa la wale wa zamani. Pangusa vumbi kwanza, taratibu, kwa kitambaa laini kikavu. Kanda ikiwa na ukungu, usiitie katika mashine. Mpelekee fundi anayejua. Nakala ikiisha kutoka, itazame yote tangu mwanzo hata mwisho. Na ile ya asili usiitupe, hata ikiwa imechakaa namna gani. Labda kesho atapatikana fundi hodari kuliko wa leo, naye atakuuliza, "Iko wapi ile ya kwanza?" Mafundi wa Ujerumani waliuliza hivyo hivyo, wakajibiwa kwamba haipo.