Maziwa Hayana Kosa, Wala Mke Hana

Barua tunayoijibu juma hili imetoka kwa mke wa sajini mmoja wa polisi. Jina lake na la kambi yake hatutayataja, kama alivyotuomba mwenyewe. Mumewe alikulia kando ya Ziwa Victoria, katika nyumba ambayo maziwa yalikuwa ya kutia chai tu. Mwaka juzi akahamishiwa Mbarara, na huko akayakuta maziwa mengi, matamu, yenye utando wa malai juu, akayapenda kama apendavyo mtu aliyechelewa kupata. Kila jioni, baada ya zamu, hunywa nusu lita nzima.

Tangu hapo tumbo lake halina amani. Hunguruma, hujaa upepo, humsokota, na mara mbili imembidi atoke mbio katika gwaride la asubuhi, jambo ambalo kwa mwenye cheo ni aibu kubwa mbele ya vijana anaowaamrisha. Katika zahanati ametibiwa amiba mara tatu bila nafuu. Kisha akaja dada yake kuwatembelea, akaona hali ile, akatamka waziwazi kwamba kuna kitu kinachotiwa ndani ya maziwa, na anayekitia ni mke. Sajini hakusema neno. Lakini siku hizi anajichemshia maziwa yake mwenyewe. Hilo la kujichemshia ndilo lililomwuma mama huyu hata akashika kalamu.

Dada yetu, kabla ya yote hebu litazame jambo moja ambalo uliliandika kwa kupita tu. Unasema kwamba tangu alipoanza kujichemshia, tumbo linamwuma vile vile. Basi ushahidi wako uko hapo. Kama mkono wako ndio ulikuwa na sumu, mbona mkono wake haukuiondoa?

Yafaa ieleweke kwamba ndani ya maziwa ya kila mnyama anyonyeshaye tuliyemzoea, awe ng'ombe, mbuzi au ngamia, mna sukari yake maalumu iitwayo laktosi. Sukari hiyo haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili, na kinachoikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa katika ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele, kwa kuwa maziwa ndiyo chakula chake pekee. Lakini kwa watu walio wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua kadiri mtu anavyokua. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huko huvuta maji, na bakteria wanaoishi humo huichachusha na kutoa hewa. Ndipo tumbo linaponguruma na kusokota, na mtu akaharisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa. Hii si sumu wala uchawi, na si mdudu wa kuuawa kwa dawa ya amiba.

Hapa kwetu Uganda jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1966 waganga G. C. Cook na S. K. Kajubi waliandika katika jarida la Lancet kuhusu upungufu wa laktasi kati ya makabila ya nchi hii. Waliukuta umeenea miongoni mwa Waganda, lakini ni haba miongoni mwa Wahima na Watutsi, watu ambao wazee wao waliishi kwa maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliowapima wafugaji na wakulima wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba katika Afrika Mashariki mabadiliko ya kurithi yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa yalitokea mbali na yale ya Ulaya, katika miaka 7,000 hivi iliyopita, na yakaenea upesi palipokuwa na mifugo. Kwa hiyo jirani wa Sajini, mzaliwa wa Ankole, anaweza kunywa lita nzima akalala usingizi mzuri. Sajini naye si dhaifu kwa hilo. Amerithi tumbo walilo nalo watu wengi wa dunia hii.

Pengine mtauliza, mbona zamani hakuugua? Jibu ni hesabu ndogo. Kikombe cha chai iliyopikwa nusu maji nusu maziwa kina gramu 6 hivi za laktosi. Nusu lita ya maziwa matupu ina kama gramu 24. Wengi wenye upungufu huu hustahimili gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha maziwa, bila taabu kubwa. Kwao alikuwa chini ya mpaka huo. Mbarara ameuvuka mara mbili, tena jioni, kwa pupa, tumbo likiwa tupu. Na kuchemsha, achemshe yeye au uchemshe wewe, hakuiondoi laktosi hata kidogo. Hata hivyo msiache kuchemsha, maana maziwa mabichi huleta homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, na hiyo ni maradhi mabaya kwa binadamu pia.

Sasa tuje jikoni. Hatumshauri mtu apendaye maziwa ayaache kabisa. Dawa yake kubwa ni maziwa ya kuganda, ambayo hapa huitwa bongo. Bakteria wanaoyagandisha hula sehemu ya laktosi, na wale wanaofika tumboni wakiwa hai husaidia kuikata iliyobaki. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kistahimili, tia vijiko viwili vya bongo la jana, funika katika chombo safi sana, uyaache usiku kucha au hadi siku ya pili. Mkipata chombo kilichofukizwa moshi wa nyasi, kama wafanyavyo wenyeji, ladha yake haina mfano. Lakini bongo lililokwisha kuganda msilichemshe tena, maana moto huwaua bakteria hao.

Samli haina laktosi ya kusumbua, kwa hiyo eshabwe ya Ankole, inayotengenezwa kwa samli, aile kwa furaha. Jibini ngumu iliyokaa muda mrefu nayo ina kidogo mno. Maziwa ya unga, kinyume chake, ni ya kuangalia. Ukikoroga vijiko vingi kupita kipimo, kama wengi wetu tufanyavyo kwa kupenda uzito, umezidisha laktosi. Wala asidanganywe kwamba ya mbuzi ni salama. Maziwa matamu anywe kikombe kimoja pamoja na chakula, matoke au uji, na si zaidi mpaka ajue mpaka wake. Viko vidonge vya laktasi katika baadhi ya maduka makubwa ya dawa, humezwa pamoja na funda la kwanza, ila kwa mshahara wa sajini sisi tungenunua bongo. Na siku maziwa yanapopungua mezani, mukene waliwao pamoja na mifupa yao, dodo na simsim huongeza chokaa ya kuimarisha mifupa.

Tuwaonye akina mama wengine mtakaosoma haya: msimwachishe mtoto mchanga ziwa kwa sababu ya makala hii. Upungufu tunaousema ni wa wakubwa. Mtoto aliyeharisha sana huweza kupungukiwa laktasi kwa muda, lakini huyo apelekwe kwa mganga huku akinyonya. Vilevile mtu mzima anayetoa damu, anayekonda, mwenye homa, au anayeamshwa usiku na kuharisha, asijitibu kwa bongo. Aende hospitali.

Kwa Sajini, njia ya kuhakikisha ni nyepesi. Tangu Jumapili hii aache maziwa matamu kwa majuma mawili kamili, hata ya chai. Tumbo likitulia, siku ya mapumziko yake, asiyo na gwaride, anywe nusu lita kama desturi yake ya zamani, aitazame saa. Likinguruma kabla ya chakula cha mchana, amekwisha kupata jibu, na uwe umekaa naye chumba kimoja alipate mbele yako. Maziwa ya siku hiyo mwombe ayachemshe yeye, na wifi yako akiwapo, yeye ndiye ayamimine. Kisha tuandikie utueleze ilivyokuwa.