Dakika 10 mbele ya mwamba

Jumamosi moja mimi, dada yangu na mwanawe wa miaka 9 tuliondoka Njombe alfajiri, masweta yamefungwa hadi shingoni. Makambako tukapata basi la Iringa, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Igeleke, kilima cha mawe karibu na mji, chenye michoro ya kale ya watu na wanyama kwa rangi nyekundu.

Wengi wetu tukifika sehemu kama hiyo tunapiga picha kwa simu, tunaondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu wageni wa makumbusho moja kubwa ya New York ulionyesha kuwa kila mchoro ulitazamwa kwa wastani wa sekunde 27 tu. Sisi tulikubaliana: simu mfukoni, dakika 10, kisha kila mtu aseme alichokiona.

Dada aliona watu. Mimi niliona mnyama, tukabishana ni yupi. Mtoto alikunja macho, akasogea mpaka pua ikakaribia jiwe.

"Kwani wako wapi?" akauliza. Kisha akasema taratibu, "Hata ubaoni huwa hivihivi, mama."

Dada aliketi chini. Muhula mzima alikuwa akiambiwa mtoto ni mvivu wa kunakili, na alishamchapa kwa hilo.

Wiki iliyofuata tulimpeleka kupimwa macho. Sasa anavaa miwani.

Michoro haikumtibu. Ilitupa tu dakika 10 za kutulia naye. Nyumbani tunamwona kila siku, ila kumtazama ni jambo jingine.

Mzazi, angalia kama mtoto anakunja macho, anasogelea sana daftari au televisheni, au anaumwa kichwa mara kwa mara. Mpeleke kliniki ya macho. Usimnunulie miwani ya barabarani. Kucheza nje mchana pia husaidia kupunguza hatari ya kutoona mbali.

Mkipanga safari, ondokeni mapema, vaeni viatu visivyoteleza, bebeni maji, mwombeni mwongozaji, na msiguse michoro. Mkipata muda, Iringa mjini kuna makumbusho ya Boma, katika jengo la enzi za Wajerumani. Chagueni vitu vitatu tu, mvitazame bila haraka.

Dada ameahidi kumrudisha mwanawe Igeleke likizo ijayo, akaone alichokikosa.