Nyota za Michelin: Kwa nini Afrika haina hata moja, na je, tuzilipie?

Februari 2024, mpishi mzaliwa wa Nigeria, Adejoké Bakare, alipata nyota ya Michelin kwa mgahawa wake Chishuru, unaopika vyakula vya Afrika Magharibi. Miaka minane kabla yake, mwaka 2016, Jan Hendrik van der Westhuizen alikuwa raia wa kwanza wa Afrika Kusini kupata nyota hiyo.

Chishuru uko London. Mgahawa wa Van der Westhuizen uko Nice, Ufaransa.

Kwa hiyo mpishi kutoka Afrika anaweza kupata nyota, na chakula cha Kiafrika pia kinaweza. Kilichoshindikana ni mgahawa ulio kwenye ardhi ya Afrika. Kufikia mwisho wa 2025, kuanzia Cairo hadi Cape Town, kuanzia Nairobi hadi Zanzibar, hakukuwa na hata mmoja.

Wengi wakisikia hivyo hudhani chakula chetu hakijafikia kiwango. Ukweli ni mwepesi zaidi: wakaguzi hawajatumwa kuja kukionja.

Ilianza na matairi

Michelin ni kampuni ya matairi. Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walitoa kijitabu cha bure kwa madereva wa Ufaransa: wapi pa kutengeneza gari, wapi pa kula, wapi pa kulala. Hesabu yao ilikuwa ya kibiashara tu. Watu wakisafiri sana, matairi yanaisha, wanarudi kununua mengine.

Mwaka 1907 walitoa hata toleo la Algeria na Tunisia, wakati huo zikiwa chini ya Ufaransa. Nyota zilikuja baadaye, mwaka 1926, na ngazi za moja hadi tatu zikafuata 1931. Nyota mbili maana yake mgahawa unastahili ukunje kona kuufuata. Tatu maana yake unastahili kufungiwa safari.

Yaani tangu mwanzo kitu hiki kilikuwa cha utalii kama kilivyo cha chakula. Ndiyo maana mwaka 2024 kampuni hiyo ilianza pia kutoa "funguo" kwa hoteli. Msafiri mwenye hela anataka kujua atakula wapi na atalala wapi.

Nani analipa?

Wakaguzi wa Michelin hula bila kujitambulisha, hulipa bili kama mteja mwingine, na hurudi tena inapobidi. Hiyo ni gharama, na katika maeneo mengi mapya sehemu yake hubebwa na mamlaka za utalii.

Thailand ilikubali mwaka 2017 kutoa baht milioni 144 kwa miaka mitano, takriban dola milioni 4. California ilitoa dola 600,000 mwaka 2019 ili mwongozo upanuke hadi jimbo zima.

Michelin inasisitiza kwamba hela hizo hazimpi mtu nyota, na kwamba wakaguzi wako huru. Tuseme ni sawa. Bado hela hiyo inanunua kitu kimoja kikubwa: nafasi ya kuangaliwa. Nchi isiyolipa haijafeli mtihani. Haikuandikishwa kuufanya.

Somo la Ghuba

Dubai haikuwa na mwongozo wa Michelin hadi 2022. Miaka mitatu tu baadaye, Trèsind Studio ya mpishi Himanshu Saini ikawa mgahawa wa kwanza wa chakula cha Kihindi duniani kupata nyota tatu. India yenyewe, mama wa mapishi hayo, haina hata moja.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi kwenye hoteli na majiko ya Ghuba. Mpishi mwenye ndoto ya kuvaa koti la nyota anajua hawezi kuipata akibaki Mombasa. Anapanda ndege, na ufundi wake unaondoka naye.

Basi tulipie?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Mtu anayesafiri kwa ajili ya chakula hutumia hela zaidi ya mezani: analala, anapanda teksi, ananunua viungo vya kupeleka kwao. Na nyota haiendi kwa matajiri peke yao. Bangkok, toleo la kwanza kabisa lilimpa nyota Jay Fai, mama anayepika kimanda cha kaa kwenye jiko la mkaa kando ya barabara.

Tena, Michelin si mlango pekee. Fyn ya Cape Town ilishika nafasi ya 37 kwenye orodha ya migahawa 50 bora duniani mwaka 2022. Orodha hiyo hutokana na kura za wajuzi wa chakula wanaosafiri, siyo wakaguzi.

Lakini upande wa pili nao upo. Noma ya Copenhagen, yenye nyota tatu, ilitegemea kwa miaka mingi wanafunzi wa jikoni wasiolipwa. Ilianza kuwalipa Oktoba 2022. Januari iliyofuata mwenyewe, René Redzepi, akatangaza kwamba mtindo ule wa biashara hauwezi kuendelea. Kama kilele chenyewe hakilipi mishahara kirahisi, tusidanganyane kwamba nyota moja itatajirisha mji.

Tatizo liko kwenye uthabiti

Angalia vigezo vitano vya Michelin: ubora wa malighafi, ustadi wa kupika, uwiano wa ladha, mpishi kuonekana ndani ya chakula chake, na uthabiti, yaani sahani ya leo ifanane kwa ubora na ya mwezi ujao. Kitambaa cha meza hakimo. Bwawa la kuogelea halimo.

Kwa vinne vya kwanza pwani yetu haina cha kuonea aibu. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa mofa havihitaji kuombewa msamaha, ingawa hoteli nyingi za ufukweni bado zinampa mgeni pasta na kumtengea "usiku wa Kiswahili" mara moja kwa wiki.

Kinachotuangusha ni cha tano. Leo samaki ni wa asubuhi, kesho barafu imeisha na ameharibika njiani. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, lakini mboga nyingi za hotelini bado zinavuka bahari kutoka bara au nje ya nchi. Mkulima wa kisiwani anayelipwa baada ya miezi kadhaa hawezi kuleta nyanya kila wiki, hata awe hodari vipi.

Kuilipa Michelin kabla ya kurekebisha hayo ni kununua mbeleko mtoto hajazaliwa. Vyumba vya baridi kwenye madiko, mikataba inayomlipa mkulima kwa wakati, na vyuo vya upishi vinavyofundisha mapishi ya kwetu kwa uzito uleule wa yale ya Kifaransa: hivyo vinafaa hata mkaguzi asipokuja.

Na serikali yoyote ya kanda hii ikiamua kulipa, tuulize mapema. Mkataba utawekwa wazi? Wakaguzi watafika Forodhani na kwa mama lishe, au wataishia kwenye hoteli za nyota tano? Na baada ya miaka mitano, nini kitabaki?

Mkaguzi atakula, atalipa na kuondoka. Mvuvi aliyemleta yule samaki alilipwa kiasi gani, na lini, hilo halimo kwenye vigezo vyake vitano. Sisi lazima tuliweke kwenye vyetu.