Aliyepandikizwa ini apimwe kirusi chenyewe

Nafanya kazi katika maabara ya hospitali ya mkoa hapa Tanzania, na kuna fomu ambayo kila ikinifikia hunikosesha raha. Mgonjwa amerudi kutoka India alikopandikizwa ini, na daktari ameandika: "Homa ya ini C, kipimo cha haraka." Nadondosha damu, nasubiri, mistari miwili inajitokeza. Ndugu waliomsindikiza wanauliza, "Ugonjwa umerudi?" Kwa kipimo kile, siwezi kuwajibu.

Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari waliotengenezwa na mwili kupambana na kirusi. Aliyepona zamani bado anaweza kuwa nazo. Kwa upande mwingine, anayemeza dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae ini jipya anaweza kuwa na kirusi bila kingamwili za kutosha kuonekana. Huyo ataambiwa hana kitu.

Anachohitaji ni kipimo cha RNA, kinachotafuta kirusi chenyewe ndani ya damu. Aliyepandikizwa ini huku damu yake ikiwa na kirusi, karibu kila mara ini jipya nalo huambukizwa. Vimeng'enya vya ini hupanda, na hali hiyo hufanana sana na ile ya mwili kulikataa ini. Daktari asiyejua kwamba kirusi kipo anaweza kuongeza dawa za kushusha kinga, na kirusi kikazidi kustawi.

Mashine ya GeneXpert tunayopimia kifua kikuu kila siku inaweza kufanya kazi hii. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha katriji yake ya homa ya ini C mwaka 2017, na majibu hutoka chini ya saa mbili. Kwetu mashine ipo, katriji hakuna.

Nitaambiwa kwamba waliopandikizwa ini ni wachache. Ni kweli, ila katriji hiyo hiyo itawafaa wanaosafishwa figo na kila mwenye mistari miwili. Tena ugonjwa huu unatibika: vidonge, mara nyingi vya wiki 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Familia iliyouza kiwanja kumpeleka mtu wao India haistahili kumpoteza kwa kukosa kipimo.

Wizara ya Afya ihakikishe katriji hizi zinafika angalau kila hospitali ya kanda. Nanyi madaktari wenzetu, mgonjwa wa aina hii akija, andikeni kwenye fomu: RNA.