Pikipiki Kuukuu: Rangi Iwe Kazi ya Mwisho

 

Wiki iliyopita mzee mmoja wa kijiji cha jirani alinisimamisha njiani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza jambo lisilohusu mahindi wala kahawa. "Bwana shamba, wewe unashinda juu ya pikipiki. Hii yangu imechoka. Kuna kijana anaitaka kwa laki nne, halafu mimi nichukue mpya kwa mkataba. Au niipige rangi tu niendelee nayo?" Nilimwomba anipe siku chache. Jibu lake naliandika hapa kwa sababu si yeye peke yake. Kila mahindi yakianza kupata wanunuzi, swali hili hunijia.

Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa na mada. Lakini hapa kwetu Mbozi mbolea haitoki Mlowo ikatembea yenyewe mpaka shambani. Mbegu, mbolea, maziwa, kahawa mbivu, hata mgonjwa usiku, vyote vinapanda pikipiki. Mwaka 2022 serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki kwa sababu hiyo hiyo: asiye na usafiri hamfikii mkulima. Kwa hiyo pikipiki ni kitendea kazi kama jembe, na ubovu wake unastahili kuzungumzwa hapa.

Msimamo wangu ni huu. Kama fremu ni nzima, usiiuze. Mkataba unamfaa kijana wa bodaboda anayeshika pesa kila jioni. Hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, kwa mwaka mmoja, ni shilingi 3,650,000. Mkulima anashika pesa mara moja au mbili kwa mwaka. Mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mahindi yako kwenye palizi, hiyo elfu kumi ya leo na ya kesho utaitoa wapi? Nimeona watu wanauza mbolea ya kukuzia ili wapeleke hesabu. Tengeneza ya zamani, nyumbani kwako, kidogo kidogo. Ila rangi iwe ya mwisho kabisa.

Hilo la rangi sikulisoma popote. Nililianza kinyume, na aliyelipa ni mdogo wangu.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba, ya Kihindi, CC 100. Baada ya msiba ilikaa bandani karibu mwaka mzima, kuku wakilala juu yake. Nilipokuja likizo nikanunua makopo matatu ya rangi nyekundu ya kupuliza, nikaikwangua juu juu, nikaipuliza. Jioni ilikuwa inang'aa. Majirani walikuja kuitazama, mama akafurahi, akasema sasa inafanana na enzi za mzee. Injini iliwaka kwa kiki ya tatu, na hakuna aliyeuliza habari za breki. Chini ya keria, upande wa kushoto, palikuwa na kutu kwenye kiungo cha kuchomelea. Niliiona. Nikapuliza rangi mara mbili pale ili isionekane.

Wiki ya tatu mdogo wangu alipakia magunia mawili ya mahindi kushuka mlima. Kiungo kikaachia, mzigo ukalalia upande, akakanyaga breki ya nyuma isishike. Alivunjika mtulinga. Ilikuwa Novemba, mvua zinaanza, naye akakaa zaidi ya miezi miwili bila kushika jembe. Heka zake mbili zilipandwa na vibarua, tena kwa kuchelewa, na mavuno yake kila mtu aliyaona. Yeye hakunilaumu, alidhani ni bahati mbaya. Nimemwambia mwaka jana tu kwamba ile kutu niliiona.

Kwa hiyo mzee wangu, na wengine, anzeni na fremu. Toa siti, toa vifuniko vya ubavuni, toa keria, osha kila kitu kwa maji ya sabuni na brashi. Isioshewe mtoni, ile oili na grisi ng'ombe wa mwenzako watainywa. Ikikauka, inama utazame chini ya keria kuliko sehemu nyingine yoyote. Urea na CAN hunyonya unyevu hewani, na mbolea iliyolowa hula chuma. Mfuko ukitoboka kidogo tu, zile punje huingia kwenye viungo na kukaa humo msimu mzima. Maji ya dagaa wa chumvi nayo ni hivyo hivyo, na wauza maziwa mnajua wenyewe madumu yanavyomwagika. Pikipiki ya mkulima haiozi inapoonekana, inaoza chini ya mzigo.

Chukua bisibisi kuukuu, gonga na sukuma kwa nguvu kila penye kutu. Ikigonga chuma kigumu na kutu ikabanduka kama vumbi, hiyo ni kutu ya juu, kazi ya msasa. Ikizama, au chuma kikitoka vipande kama gamba la mti, usiendelee. Kama ni pale kwenye keria, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukata na kuweka kipande kipya. Kama ni karibu na shingo ya usukani au pale injini inapofungwa, kwa maoni yangu pikipiki hiyo imefika mwisho. Iuze kama vipuri, na umwambie mnunuzi ukweli.

Ukiipeleka kuchomelewa, kwanza chomoa betri na uondoe tanki. Tena tanki lisilo na petroli ndilo la kuogopa zaidi, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Tanki lenyewe likitoboka, usikubali lichomelewe uani kwako na kijana aliyekuja na mashine begani. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kulisafisha mpaka mvuke uishe.

Fremu ikipita, nenda kwenye breki. Fungua magurudumu yote mawili, tazama viatu vya breki. Vikiwa vyembamba au vimelowa oili, badilisha, usivipige msasa ukavirudisha. Lile vumbi jeusi ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo, si zuri kwa mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Zungusha beringi kwa kidole: ikikwaruza, imekufa. Cheni ikae na ulegevu wa milimita 20 hadi 30 hivi, na kama meno ya sproketi yamechongoka kama msumeno, nunua cheni na sproketi kwa pamoja. Ukifunga cheni mpya kwenye meno ya zamani, wiki chache tu utarudi dukani.

Injini sitakaa nayo sana. Badilisha oili, safisha plagi na kabureta, badilisha chujio la hewa. Ikitoa moshi wa bluu mfululizo inakula oili, na hapo ni ringi, pistoni au vali. Mwite fundi, lakini kaa pale akifungua, ujue kilichotolewa na kilichorudishwa.

Ile oili chafu usimpake mbuzi mwenye ukurutu. Nimekuta mbwa na mbuzi wamepakwa mpaka machoni, watu wanasema inaponya. Inaunguza ngozi, na mnyama huilamba. Dawa ya ukurutu ipo, nitafute au muulize mtu wa mifugo. Oili weka kwenye dumu lililoandikwa, mbali na watoto.

Kutu ya ndani ya tanki ndiyo inayoziba kabureta za pikipiki zilizokaa muda mrefu. Mwaga petroli yote, toa koki, ziba tundu. Weka siki ya dukani, tumbukiza kipande cha cheni kuukuu, tikisa, acha siku moja au mbili huku ukitikisa kila unapopita. Ukimwaga utaona uchafu wa rangi ya chai ya rangi. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, hakikisha kipande cha cheni kimetoka, halafu lianike juani papo hapo, mdomo wazi. Likilala na maji usiku mmoja, kutu imerudi. Likikauka, zungushia petroli kidogo iliyochanganywa na oili.

Hapo sasa ndipo tunafika kwenye rangi, na kusema kweli mimi naipenda kazi hii. Kwanza toa kadi ya pikipiki, soma rangi iliyoandikwa. Ukitaka kubadilisha kutoka nyeusi kwenda nyekundu, nenda TRA wabadilishe kumbukumbu, la sivyo kila ukisimamishwa barabarani utaeleza hadithi ndefu. Ni rahisi zaidi kupaka rangi ile ile. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani usiipige msasa wala kuifunika kwa rangi nene. Bandika gundi ya karatasi juu yake. Namba ikifutika, hata kama pikipiki ni yako tangu dukani, utaonekana mwizi.

Msasa anza na namba 120 au 180 penye kutu, umalizie na 400 kwa maji mpaka mkono ukipita usihisi ukingo wa rangi ya zamani. Wengi wanachoka hapa, na hapa ndipo rangi inaposhindwa. Futa vumbi, futa kwa kitambaa chenye thina kidogo, na baada ya hapo usiguse kwa vidole, jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuibandua. Piga praima siku hiyo hiyo, maana chuma kilicho wazi hushika kutu kwa umande wa usiku mmoja.

Rangi ipigwe nyembamba, mara tatu au nne, ukiacha kama dakika 10 hadi 15 katikati, au kadiri kopo linavyoelekeza. Anayetaka ifunike mara moja ataona michirizi inashuka kama machozi. Hapa Mbozi mimi huchagua mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni: mvua imekatika, upepo wa vumbi wa Agosti bado. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, kivulini. Jua kali la saa saba hufanya vipovu, na ukipuliza jioni baridi ikishuka rangi inafubaa. Mwagia maji sakafu au ardhi ya banda ili vumbi litulie. Funga kitambaa puani, acha mlango wazi, watoto na jiko la mkaa viwe mbali.

Usipake breki ndani, nguzo zile za kung'aa za shokapu za mbele, nyuzi za bolti wala kibao cha namba. Injini na ekzosi rangi ya kawaida itaungua na kunuka. Kuna rangi yake ya kuvumilia joto, au uache chuma chake kilivyo. Kingine wengi hawaambiwi: rangi nyingi za kopo huyeyuka zikiguswa na petroli. Unamaliza kazi yako safi, siku ya kwanza kujaza mafuta tanki linabaki na madoa. Kwa tanki omba dukani rangi ya juu ya kuchanganya na kigumishi, au ulipeleke kwa mpiga rangi wa magari alimalizie. Mimi hufanya hivyo, sioni aibu. Na tafadhali, bomba lako la dawa za mahindi lisigeuzwe bomba la rangi. Rangi huziba pua yake, na thina huharibu mipira, kisha mwezi wa kwanza unakuja kwangu unasema dawa ya viwavi haitoki.

Gharama? Pikipiki ya baba nilipoirudia, safari hii kwa mpangilio, nilitumia takriban laki mbili na nusu kwa vipuri, kuchomelea na rangi, bila kuhesabu siku zangu nne. Bei za kwako zinaweza kuwa tofauti. Niliyagawa malipo mara tatu: fremu na breki mwezi mmoja, cheni na tairi mwezi uliofuata, rangi baada ya kuuza maharage. Katikati ya miezi hiyo ilitembea bila kung'aa, na hakuna mzigo uliolalamika.

Nanyi mnaonunua pikipiki kuukuu magulioni, hasa vijana, ikiwa imepakwa rangi juzi omba kufungua siti kabla ya kufungua pochi. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa yako.

Mzee wangu, laki nne za yule kijana ziache kwanza. Jumamosi nitakuwepo gulioni kuanzia saa tatu. Njoo nayo bila keria, na kadi mfukoni. Bisibisi ninayo.