Samaki wa mpira kutoka Marekani: tusiuziane kama dawa

Leo siongelei vita wala barabara. Naongelea vile vijisamaki vya mpira ambavyo vimeanza kuonekana ufukweni asubuhi, pale mitumbwi inapofikia. Ni vyambo laini, vingine vina umbo la ndagala, vingine la mnyoo mrefu wenye mkia unaocheza. Vinatoka ng'ambo, kwenye mizigo ya ndugu zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Kufika hapa, vinageuka kuwa biashara.

Sina ubaya na biashara. Lakini juma lililopita nilikaa na baba mmoja aliyeshuka kutoka milimani na watoto watano, ambaye hajawahi kuvua maisha yake yote, kule kwao ni ng'ombe na mahindi. Aliuziwa vyambo viwili kwa bei ya unga wa nyumba yake wa juma zima. Nusu alilipa, nusu ni deni. Muuzaji alimwambia samaki wakikiona kitu hiki wanakuja wenyewe. Yule baba akakifunga kwenye ndoana iliyo wazi, bila uzito wowote, akakitupa karibu na mawe. Siku ya kwanza hakupata kitu. Siku ya pili jiwe likashika ndoana, kamba ikakatika, chambo kikabaki chini. «Mwandishi,» aliniambia, «mimi nilijua ni dawa.»

Ndiyo maana naandika. Chambo hiki si dawa. Ni chombo kama jembe, na jembe lina shamba lake.

Nina mtoto wa dada yangu huko Kentucky. Alitoka hapa akiwa kijana, akakaa kambi ya ng'ambo ya ziwa miaka mingi, sasa anafanya kazi ghala la mizigo na siku ya mapumziko anaenda kuvua. Yeye ndiye aliyenieleza kwa sauti za WhatsApp, nyingine ndefu kuliko mahubiri. Kule samaki wanayemtafuta anaitwa bass, mwenye mdomo mpana, anayejificha kwenye majani ya maji na chini ya miti iliyoanguka. Hakimbizi chakula mbali. Anangoja kipite, anarukia. Watu wengi kule wanamvua kwa mchezo, wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Nikamuuliza, wanamrudisha kweli? Akacheka. Akasema, mjomba, hata mimi mwanzoni nilidhani wameugua.

Chambo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya samaki huyo. Mtu mmoja wa Akron, Ohio, jina lake Nick Creme, ndiye aliyetengeneza mnyoo wa kwanza wa plastiki laini uliopata soko, mwaka 1949, yeye na mke wake wakipika plastiki jikoni kwao. Tunasema mpira, lakini si mpira wa mti. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa mafuta ya kiwandani, na vingine vinatiwa chumvi ili vizame na samaki avipende mdomoni. Ulaini huo ndio siri yote. Samaki akiuma kitu kigumu anakitema mara moja, akiuma kilaini anakishikilia kidogo zaidi, na mvuvi anapata nafasi ya kuvuta. Hakuna kingine ndani yake. Hakuna harufu ya uchawi.

Sasa tuulize: sisi hapa Tanganyika hatuna bass, je, kina faida? Nasema kinayo, lakini si kwa kila samaki. Ndagala hamumpati kwa kitu hiki, mwachieni taa na wavu wake. Mikebuka anatembea kwa makundi kwenye maji ya wazi, na wavuvi wetu wanamjua usiku kwa taa na kamba yenye ndoana nyingi. Kijisamaki kimoja cha mkia hakiwezi kushindana na kamba hiyo. Anayefanana kidogo na tabia ya bass ni sangala, maana anavizia karibu na mawe na kwenye miteremko, na pia kuhe, anayekula samaki wenzake. Hao wanaweza kudanganyika, asubuhi mapema na jioni jua likilegea.

Kwa hiyo anayetaka kununua aangalie kwanza umbo. Samaki wa ziwa hili wanaowinda wamelelewa na ndagala: mwembamba, wa fedha, urefu wa kidole. Chagua kinachofanana naye, cheupe ama cha rangi ya maji, chenye mkia unaotikisika ukikivuta polepole kwenye beseni. Jaribu kwenye beseni kabla ya kulipa! Muuzaji akikataa, ondoka. Minyoo mirefu ya zambarau na ya kijani yenye madoa ilitengenezwa kwa maziwa yenye majani. Sisemi haishiki kabisa, nasema usianze nayo kama pesa yako ni moja.

Rangi inafuata maji. Ziwa letu ni safi, unaona mawe chini, na samaki naye anaona vizuri, kwa hiyo rangi ya kupiga kelele inamtia wasiwasi. Lakini kwenye mdomo wa Mutambala wakati wa mvua, maji yakiwa kama chai ya maziwa, cheupe kinapotea. Hapo cheusi ama cha bluu nzito kinaacha kivuli kinachoonekana. Hilo wavuvi wazee wanalijua bila Kentucky. Nimewaona wakibadilisha manyoya ya kuku kwenye ndoana zao kufuatana na maji.

Kukifunga ndiko watu wanakoharibu. Yule baba angefundishwa jambo moja tu, chambo chake kingekuwepo leo. Marekani wanaita mtindo wa Texas: ncha ya ndoana inaingia puani mwa chambo, inatoka kidogo chini ya kidevu, ndoana inageuzwa, kisha ncha inarudishwa ndani ya mwili na kufichwa humo. Chambo lazima kikae kimenyooka, kikijikunja kitazunguka majini na kusokota kamba yote. Kwa vile ncha imefichwa, kinapita juu ya mawe na majani bila kushika. Samaki akiuma, unavuta kwa nguvu na ncha inatoboa plastiki na kumshika. Uzito unakaa mbele, kwenye kamba, juu kidogo ya ndoana. Kule wanatumia risasi yenye umbo la risasi ya bunduki. Hapa tumieni nati ya pikipiki, ama jiwe dogo lililofungwa vizuri. Nawaomba sana msiyeyushe risasi ya betri za magari, hasa kwenye jiko la kupikia ugali. Ile ni sumu, na inawadhuru watoto kwanza.

Halafu ni subira. Kiache kizame mpaka kiguse chini, kivute mkono mmoja, kiache tena. Samaki wengi wanauma wakati kinazama, si wakati unakivuta. Anayevuta haraka kama anayekimbia mvua anawalisha maji. Na ukisikia kama mtu amegonga kamba kwa kidole, usishangilie, vuta.

Kuhusu kuvitunza, hapa nataka mnisikilize vizuri nyinyi mlio kwenye mahema ya shitingi, maana saa sita mle ndani ni tanuru. Joto linakunja chambo, mkia unakufa, na mkia uliokufa hauna kazi. Kiacheni kwenye mfuko wake kilichokuja nao, kikiwa kimenyooka, sehemu yenye kivuli. Mimi vyangu viko ndani ya chungu cha udongo chini ya kitanda. Msichanganye rangi, kwa sababu cheusi kitampaka mweupe na rangi haitoki tena. Msiviweke kwenye kopo la plastiki ngumu inayong'aa, ile inayopasuka kama kioo: mafuta ya chambo yanaila, kesho mnakuta vimeshikana kama gundi. Pia kuna aina nyingine mpya, inayovutika sana kama raba na inaelea, ambayo ukiiweka pamoja na hivi vya kawaida vyote vinayeyuka. Mtoto wa dada alipoteza kisanduku kizima namna hiyo. Na muviweke mbali na watoto. Vina rangi ya pipi, vingine vina harufu tamu, na mtoto mwenye njaa hajui kusoma mfuko.

Kikichanika, usitupe. Pasha kisu motoni, gusisha pande mbili za mchaniko, zibane mpaka zipoe. Fanya hivyo nje, penye upepo, moshi wake si wa kuvuta. Nimeona kijana mmoja hapa Baraka ametengeneza chambo kimoja kutoka vipande vya vitatu. Kibaya kutazama, lakini kimemlisha.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma. Chambo kilichoanguka majini hakiozi. Samaki anaweza kukiokota na kukimeza. Kikiwa tumboni kinaweza kuvimba na kuwa kigumu, samaki anajiona ameshiba huku anakonda. Huko Marekani kwenyewe wameligombania. Mwaka 2013, kwenye jimbo la Maine, mswada wa kuvikataza uliletwa bungeni. Wao wana maziwa mengi yenye mito ya kutoka. Tanganyika ina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, pale Kalemie, na maji mengi ya ziwa hili yanaondoka kwa kukauka na jua. Plastiki haikauki ikapanda juu. Inabaki na sisi. Tayari tuna chupa na mifuko kwenye mawe yetu kila mvua ikinyesha, hatuhitaji kuongeza samaki bandia chini.

Wengine wataniambia: mwandishi, unalia na kijisamaki kimoja wakati watu wanakokota mustikere ufukweni na kuzoa hata mayai? Ni kweli, na mimi ningechagua kijana mwenye kamba moja na chambo kimoja kuliko kumi wenye mustikere. Kamba inachukua samaki mkubwa mmoja mmoja. Mustikere inachukua watoto wa samaki wote, na inamwacha mtoto wa mtu akilala bila kinga ya mbu. Ndiyo sababu sitaki vyambo hivi vikatazwe. Aliyehama kutoka milimani hana mtumbwi, hana wavu, hana taa. Lakini anaweza kusimama kwenye mawe na kamba mkononi, bila kuomba kazi kwa mtu. Ni njia ndogo, samaki wawili, siku nyingine hakuna. Lakini ni yake. Mtu wa namna hiyo hapaswi kuanza kazi akiwa na deni la chambo.

Kwa wanaouza: semeni ukweli wa kitu mnachouza, onyesheni namna ya kukifunga, na msikopeshe samaki wa mpira kwa mtu ambaye unga wake unatoka kwenye mgao. Kamati za wavuvi za ufukweni mnaweza kusimamia hilo bila kungoja Kinshasa. Mnasimamia mambo makubwa kuliko hayo, mnajua nani anavua wapi na nani ana deni kwa nani.

Kwa ndugu wa Marekani, asanteni kwa moyo wenu. Lakini mkinunua mzigo, punguzeni hivi vyambo, ongezeni ndoana nzuri na kamba imara, maana ndoana nzuri inadumu na chambo chake tunakipata hapa: kipande cha ndagala, unyoya wa kuku, hata kitambaa cheupe cha shati la shule lililochakaa. Mkituma vya mpira, tumeni vyeupe vidogo, vikiwa kwenye mifuko yake, na mtume pia sauti ya maelezo kwa Kiswahili, si karatasi ya Kiingereza.

Yule baba nilimpa kimoja cha kwangu, nikamwonyesha kukifunga mara tatu mpaka mikono yake ikazoea. Jumamosi alipata kuhe mmoja, si mkubwa. Aliuza nusu, nusu ikaliwa. Chambo kimechanika mkia, amekirudisha nikitengeneze kwa kisu cha moto. Deni la vile viwili vya kwanza bado analo, na muuzaji alipita tena jana kulidai.